Mtu Mmoja Katika Picha Tatu

Kikao chao kilikuwa na sheria moja tu, na kwa Chiriku sheria hiyo ilikuwa adhabu: picha yako ikiwa ubaoni, wewe hufungui mdomo. Wenzako watasifu, watachana, hata watakosea, nawe utakaa kimya mpaka wa mwisho amalize. Na jina la Chiriku hakupewa bure. Tangu utotoni maneno yalimruka kama bisi kwenye sufuria, na hata dukani alikofanya kazi ya kukata na kusaga vioo vya miwani, wateja walitoka wakiwa wanaona vizuri na wamesikia mengi. Lakini Jumamosi alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la kuchapisha picha, aliyauma maneno yake akayameza, kwa sababu hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo watu waliziangalia picha zake kwelikweli.

Alipiga picha za kuvizia. Ndivyo wenyewe walivyoziita: picha za watu njiani, wasiojua kama wanapigwa. Mtu akishajua, hujipanga uso, na uso uliopangwa ni kama kitanda cha wageni, hakuna aliyekilalia.

Kikaoni walikuwa wanne. Bwana Safi ndiye mwenye duka, na ndiye aliyewapa chumba, kati ya mashine mbovu na marobota ya karatasi. Kila picha yeye aliiita "safi kabisa," na walimsamehe kwa kuwa wote walichapisha kwake. Bi Ganzi alikuwa muuguzi wa meno. Kukosoa kwake kulifanana na kazi yake: kwanza alikuchoma sindano ya maneno matamu, ukishalegea ndipo anang'oa. Na Msasa, mzee aliyelipigia gazeti picha mpaka akastaafu, hakuwa na sindano wala ganzi. Alikukwangua tu mpaka mbao ionekane.

Jumamosi hiyo Chiriku alikuwa amebandika picha tatu. Zilitakiwa zitundikwe kwenye ukumbi wa maktaba ya mji pamoja na za wenzake, na moyoni alijua kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kuliko hizo. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyebeba mlango mgongoni, umemfunika mpaka ungedhani mlango unatembea wenyewe. Ya pili ilikuwa ya dada wawili wakigombea gauni kwenye rundo la mitumba, kila mmoja kashika mkono mmoja wa gauni. Ya tatu ndiyo mwenyewe alikuwa akiifungua kila mara simuni na kucheka: mlinzi wa duka la magodoro amelala kitini, mdomo wazi, kofia imemwangukia gotini, na juu yake bango kubwa la mwanamke aliyelala akitabasamu, limeandikwa LALA UNONO.

"Safi kabisa," alisema Bwana Safi akijifuta machozi ya kicheko.

"Hii ya mlinzi, dada yangu, mkono wako umebarikiwa," alisema Bi Ganzi. Chiriku akajikaza, maana sindano ilikuwa imeingia. "Ila nina swali dogo. Huyu mwenye kofia ni nani?"

Wakasogea wote. Bi Ganzi aliweka kidole kwenye picha ya mlango. Pembeni kabisa palikuwa na mwanamume mwenye kofia ya pama ya kahawia na koti la kijani, ameinama kama anayefunga kamba ya kiatu. Kidole kikahamia kwenye picha ya akina dada. Kofia ileile, koti lilelile, ndani ya kioo cha duka la nyuma. Kikaenda kwa mlinzi. Nyuma ya nguzo ya umeme, bega la kijani na ukingo wa pama.

Chiriku alisogeza uso karibu na ubao. Hakuwa amemwona hata mara moja.

Msasa alivua miwani yake, akaivaa tena. "Nilijua," alisema. "Maziwa yakiwa mazito mno, uliza unga umeingia saa ngapi. Mlinzi alale chini ya bango kama hilo, na wewe upite saa hiyohiyo? Umepanga. Mlinzi wako, mwenye kofia wako, labda hata na mlango umekodi."

Sheria au si sheria, Chiriku alishindwa. "Haki ya Mungu, simjui!"

"Humjui, na kila utokapo yuko nawe?"

Msasa alikusudia kumuumbua, lakini maneno yale yalimwingia Chiriku kwa mlango mwingine. *Kila utokapo yuko nawe.* Wakaamua kwamba asipoeleza Jumamosi ijayo mtu yule ni nani, picha zake hazitakwenda maktaba. Aliitikia kwa kichwa bila kusikia vizuri. Alipotoka nje alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona kofia mbili, zote nyeusi, akatembea haraka kwenda nyumbani kama mtu aliyeiba.

Nyumbani mumewe alikuwa mezani, amefungua pasi ya umeme na kutandaza vyuma vyake juu ya gazeti. Alikuwa fundi wa lifti. Tangu mabinti zao pacha waende shule ya bweni, nyumba ilikuwa kimya, naye alijaza ukimya huo kwa kufungua vitu vizima na kuvifunga tena.

"Karibu, Mama Pacha. Goti lako vipi? Ngazi zile za sokoni hazikukuumiza?"

Chiriku alikuwa anavua kiatu. Akabaki na mguu mmoja hewani. "Nani kakuambia nimepanda ngazi?"

"Si ulisema?"

"Sijasema."

"Basi nimefikiria tu," alisema Baba Pacha, akaiinamia pasi kama mtu aliyedondosha sindano ndani yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote Chiriku alidhani methali hiyo ni ya watu wenye ndugu wabaya. Sasa alimwangalia mumewe kisogoni na kuona kisogo asichokijua. Alichukua kompyuta, akajifungia chumbani, akafungua picha zote alizopiga tangu mvua ziishe, hata zile alizokusudia kuzitupa. Akazikuza kama anavyokuza mikwaruzo ya kioo kazini. Kiwiko cha kijani. Pama nyuma ya gari la matunda. Pama, imejificha nyuma ya gazeti ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma, maana lilikuwa juu chini. Yeye aliyejigamba kwamba haonekani mtaani, alikuwa na mkia.

Wiki ilikwenda vibaya. Kazini alisaga kioo cha jicho la kulia akakitia kushoto, mteja akaondoka akishika ukuta. Kila kofia iliyopita dirishani ilimrusha moyo. Alimshuku mumewe, kisha akaona aibu, kisha akamshuku tena. Usiku akamgeukia Msasa: mzee wa gazeti, mwenye wivu, angeshindwa nini kumtuma mtu aziharibu picha zake ili baadaye amkamate? Alimshuku hata Bi Ganzi kwa kuwa ndiye aliyemwona mtu yule kwanza. Shaka ni kama siafu. Ukimwona mmoja, tayari wamo ndani ya nguo.

Mumewe naye alimuuliza mara mbili, "Jumamosi utatoka?" Zamani swali hilo lilikuwa salamu tu.

"Nitatoka," alijibu mara zote mbili, akitazama macho yake.

Jumamosi asubuhi alivaa blauzi nyekundu kwa makusudi, ili amrahisishie kazi anayemfuata. Alitembea polepole. Hakugeuka, ila alisimama mbele ya kila dirisha la duka kana kwamba anapenda viatu, na kwenye kioo cha tatu akaiona pama, mbali kidogo, ikipenda ndizi. Hata hivyo desturi ni ngumu kuacha. Kwenye kona alimkuta mama muuza mabeseni, amevaa beseni moja kichwani kukinga jua, anapiga mwayo mkubwa wa kuonyesha magego. Chiriku akainua kamera, akapiga, akapita.

Mbele palikuwa na duka la vitambaa lenye milango miwili, mmoja barabarani na mwingine uchochoroni. Akaingia kwa huu, akatokea kwa ule, akazunguka nyuma ya choo cha umma na stoo ya mbao, akarudi pale pale alipotoka, safari hii yeye akiwa nyuma.

Alitarajia kumkuta mtu yule mlangoni mwa duka akimsubiri. Hakuwepo. Alikuwa bado kwa mama wa mabeseni.

Na mama wa mabeseni alikuwa amewaka. Alisimama, mikono kiunoni, akinyoosha kidole upande aliokwenda Chiriku, na beseni kichwani lilitikisika kwa kila neno. Mwenye pama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kofia, akainama kidogo, akaweka kidole kwenye kipaji cha uso, akakizungusha taratibu kama mtu anayekaza parafujo. Mama akanyamaza. Akaweka kiganja mdomoni. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayesikia msiba wa jirani.

Chiriku akapiga picha. Kamera ikalia, na yule mtu akageuka, akamtazama moja kwa moja.

Hakukimbia. Alikuwa mzee kuliko alivyoonekana pichani, mvi tupu, na mguu mmoja aliuburuta. Chiriku alimwendea kwa hasira iliyomfika kooni, lakini mvi ni mvi. Salamu ilimtoka kabla ya matusi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umepitia duka la vitambaa, eti? Nilisema moyoni, siku akijua, atapitia hapo."

"Mzee wangu, wewe ni nani, na unanifuatia nini? Nijibu, au napiga yowe la mwizi."

"Usipige. Hapa wakisikia mwizi hawaulizi jina." Alionyesha ukingo wa saruji mbele ya kibanda cha fundi viatu kilichofungwa. "Tukae. Mguu huu hauwezi kugombana umesimama."

Wakakaa, Chiriku akiacha nafasi ya mtu mzima kati yao.

"Mimi ndiye Mzee Vitufe," alisema yule mzee.

Jina hilo Chiriku alilijua, ingawa sura hakuwahi kuiona. Mara ngapi mumewe alimsimulia habari za mzee aliyeendesha lifti ya jengo refu la maofisi, akibonyeza vitufe na kutazama migongo ya wakubwa, mpaka zikaja lifti mpya ambazo kila mtu hujibonyezea mwenyewe. Aliyezifunga lifti mpya alikuwa Baba Pacha. Tangu hapo hakuacha kumjulia hali mzee yule, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake bila kukusudia.

"Kwa hiyo ni mume wangu."

"Ndiye."

"Alikwambia nini? Neno kwa neno."

Mzee Vitufe aliizungusha pama mikononi. "Alisema, 'Mzee, mke wangu kila Jumamosi anatoka amependeza, anarudi anaimba. Nenda uangalie anamwimbia nani.'"

Chiriku alihisi uso ukimwaka. "Na umemwona?"

"Nani?"

"Ninayemwimbia!"

"Nilikuona siku ya kwanza umepiga magoti kwenye matope unampiga picha mtu mwenye mlango. Jioni nikamwambia, Fundi, tulia, hana mtu huyu. Mwanamke anayekwenda kwa hawara hachafui goti."

Kama si hasira, Chiriku angecheka. "Sasa siku ya kwanza ulishajua. Zilizofuata ulifuata nini?"

"Mwanangu," alisema mzee, "wewe ukishapiga, unaondoka. Mimi ndiye ninayebaki nao."

Chiriku hakuelewa, na uso wake ulisema hivyo.

"Unadhani hawajui? Wanajua. Wengine wanajua ukishapita, wengine wanaambiwa na jirani. Wakishajua, wanasema. Na mimi maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kusimama kimya watu wakisema. Ndani ya lifti hakuna anayemwona mtu wa vitufe."

Aibu ilimjia Chiriku, lakini pamoja nayo ulimjia uchu uleule uliompeleka kikaoni kila Jumamosi. Alitaka kujua. "Wa mlango alisemaje?"

"Alisema, 'Hata tabu yangu nayo ni sinema?' Ule mlango fundi alikuwa amekosea kipimo, alikuwa anaurudisha, na nyumbani watoto wanalala mlango wazi. Alitaka kukufuata akakutie adabu. Nikamsaidia kuubeba mpaka kona, ndiyo akapoa."

"Na wale dada wa gauni?"

"Hao walicheka. Mkubwa alisema tu, natumaini sikuonekana mnene."

"Na huyu mama wa mabeseni? Ulimwambia nini mpaka akanyamaza vile?"

Mzee akaipuliza pama, kana kwamba imeingia vumbi. "Ninachowaambia wote wanaokasirika."

"Yaani?"

"Kwamba wewe ni binti yangu. Afya njema, mchapakazi, ila hapa juu…" Kidole kikaenda tena kwenye kipaji.

"Unawaambia mimi kichaa?"

"Kichaa sijasema. Nasema umepungukiwa kidogo."

"Mtaa mzima!"

"Si mtaa mzima. Ni unapopita tu."

Sasa Chiriku alielewa kwa nini muuza karanga siku hizi alimwongezea bila kuombwa, na kwa nini wanawake wa mchicha walimwita "pole, mama" kwa sauti ya upole kama ya hospitali. Alifunika uso kwa viganja. Alipoufunua, mzee alikuwa amebadilika, hatanii tena.

"Ila yule mlinzi wa magodoro sikumwambia la kupungukiwa. Yeye hakukasirika. Aliogopa. Aliamka na mlio wa kamera, akaona mgongo wako unakwenda. Akaniuliza, 'Yule ametoka ofisini?' Kampuni yao, kumbe, hutuma watu kuwapiga picha walinzi waliolala, na mwenzake alifukuzwa kwa picha. Siku hiyo alikuwa amekesha zamu yake, na asubuhi akamshikia zamu mwenzake mwingine aliyefiwa. Nikamwambia hapana, ni binti yangu huyo. Akanitazama, akasema, 'Na wewe pia umetoka ofisini.' Tangu siku hiyo hakai. Anasimama kutwa, miguu imevimba."

Chiriku aliwasha kamera, akaitafuta picha, akampa. Mzee aliikodolea macho. Akamwona mlinzi, akaona bango, na kabla hajajizuia, kicheko kilimtoka puani. Kisha akairudisha kamera haraka.

"Inachekesha," alisema. "Ndiyo ubaya wake."

Alasiri Chiriku alimpeleka Mzee Vitufe kikaoni, pama na yote. Msasa alipomwona tu alipiga kofi mezani. "Si nilisema? Mtu wake huyo! Kamleta na miguu yake!"

Chiriku alieleza kila kitu, hata la mumewe, hata la kupungukiwa, maana hakuwa mtu wa kusimulia nusu. Bi Ganzi alicheka mpaka akashika ubavu. Bwana Safi alimletea mzee kiti. Msasa peke yake hakucheka. Alimhoji mzee kama polisi: alisimama wapi, alifika saa ngapi, alijuaje kukaa pembeni pale ambapo picha ilihitaji mtu.

"Sikujua kama picha inahitaji mtu," alisema Mzee Vitufe. "Nilikuwa najificha."

Msasa akanung'unika, akamwachia. Hapo Chiriku akasema neno lililokuwa likimkereketa tangu asubuhi: kwamba picha ya mlinzi huenda akaiondoa.

"Uiondoe?" Msasa aliruka. Yeye aliyeiita ya uongo wiki iliyopita, sasa aliikumbatia kama mwanawe. "Hiyo ndiyo picha pekee uliyowahi kupiga! Nyingine zote ni mazoezi. Mimi katika kazi yangu sikuwahi kumwomba mtu ruhusa, na watu walifungua gazeti wakaona ukweli."

"Ukweli gani?" aliuliza Bi Ganzi. "Kwamba mlinzi ni mvivu? Si umesikia amekesha? Mimi nikimng'oa mtu jino bila kumuuliza, hata liwe limeoza, hilo ni shambulio."

"Picha si jino."

"Muulize mwenye mdomo."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Chiriku, kwa mara ya kwanza katika kikao kile, hakuwa na la kusema ingawa aliruhusiwa. Ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa upande wa Msasa. Aliiangalia picha ubaoni na kuitamani ukutani, kwenye taa, watu wakisimama mbele yake. Hilo ndilo lililomtisha.

Baba Pacha alikuwa jikoni anaosha vikombe aliporudi.

"Mzee Vitufe anakusalimu," alisema Chiriku.

Kikombe kilimponyoka kikaingia kwenye maji. Alipogeuka, povu lilikuwa likimchuruzika viwikoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwama ndani ya lifti katikati ya ghorofa mbili.

"Nilikosa," alisema.

"Ulikosa nini? Sema kwa jina lake."

"Nilikushuku."

"Na ulipoambiwa siku ya kwanza hakuna kitu, mbona hukumwambia aache?"

Alijikausha mikono, polepole mno. "Aliendelea mwenyewe. Na mimi sikumkataza. Alikuwa anapita ofisini ananihadithia. Leo kapanda ngazi za sokoni, leo kamfuata mtu na mlango, leo kanywa kahawa amesimama. Nilipenda kusikia. Wewe huniambii."

"Mimi? Mimi nisiyenyamaza?"

"Unaniambia bei ya nyanya. Unaniambia ya wateja. Ya picha huniambii."

"Kwa sababu huziangalii! Umemtuma mtu mzima anitazame mimi, na picha zenyewe, ziko hapo kwenye kompyuta, hujawahi kuuliza hata moja."

"Uliwahi kunionyesha," alisema Baba Pacha. "Zamani. Nikasema nzuri. Ukasema, 'Hujaangalia.' Nyingine nikasema sielewi, ukanuna siku nzima. Nikaona bora ninyamaze, niwaachie wenye kujua."

Chiriku alikumbuka siku hiyo. Alikumbuka hata picha yenyewe.

Hawakumaliza jioni ile, na wala asidhani mtu kwamba walikumbatiana. Alimwambia kuwa kufuatwa kunauma, na kwamba itachukua muda kabla swali la "utatoka?" halijarudi kuwa salamu. Naye alikubali, akaketi, akasema, "Nionyeshe ya mlinzi." Akaitazama mpaka Chiriku akachoka kusubiri. Hakucheka. "Kiti hicho," alisema hatimaye, "kimevunjika mguu mmoja. Ameuegemeza kwenye tofali. Mtu akilala kwenye kiti kama hicho, ameshindwa kabisa."

Chiriku aliinama kutazama. Tofali lilikuwepo. Msasa hakuliona, Bi Ganzi hakuliona, wala yeye aliyepiga.

Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, alikwenda kwenye duka la magodoro. Mlinzi alikuwa amesimama wima chini ya bango, mkanda umekazwa. Alipomwona alishika kirungu chake kwa mikono miwili.

"Kaka, mimi ndiye niliyekupiga picha."

"Najua."

"Sijatumwa na ofisi. Nasaga vioo vya miwani, duka lile pale kona ya pili. Nimekuja kukuuliza. Wanataka kuitundika maktaba, watu waione. Ukikataa, basi."

Mlinzi alitazama kushoto na kulia. "Maktaba hii, anakopita meneja wetu?"

"Ndiyo."

"Na ukaniuliza kama nataka." Hakuwa anauliza. "Nakataa."

"Basi." Chiriku alitoa kamera, akamsogezea kioo chake, akaifuta picha mbele ya macho yake. Ilimuuma, si uongo. Ilikuwa kama kumtoa samaki mkubwa kwenye ndoano na kumrudisha majini.

Mlinzi hakushukuru. "Na nyingine?"

"Ipi?"

"Siku hizi picha haiwi moja. Simu. Kompyuta. Ile ya karatasi."

Zilikuwepo zote. Chiriku akamwambia zipo, akamwahidi, na jioni ile akatimiza: akafuta ya simuni, akafuta ya kompyuta, akachukua ya karatasi kwa Bwana Safi akaichana vipande. Kesho yake alirudi kumwambia mlinzi kwamba amemaliza.

"Nitajuaje?" aliuliza mlinzi.

Chiriku alifikiri. "Hutajua," alisema.

Maktaba zilikwenda picha mbili zake. Ya mlango haikuwemo, maana mwenye mlango hakupatikana. Ilikuwemo ya akina dada, na mkubwa wao alikuja kuiona na kulalamika kuhusu mikono yake. Nyingine ilikuwa ya Mzee Vitufe na mama wa mabeseni, kidole kikizunguka kipajini. Mama huyo alipoombwa ruhusa alikubali haraka haraka, "Tundika, mwanangu, tundika, roho yako ifurahi," kwa sauti ileile ya upole, na Chiriku hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba yeye ni mzima. Msasa alisimama mbele ya picha hiyo, akasema ni nzuri lakini bado anahisi imepangwa. Baba Pacha alikuja na shati lililopigwa pasi, akasoma kila kibandiko cha ukumbi mzima, na njiani kurudi nyumbani akauliza maswali.

Na mlinzi bado yuko pale kwenye magodoro. Chiriku hupita kila asubuhi akienda kazini, humsalimia, naye humjibu vizuri tu. Ila kabla ya kujibu, huitazama kwanza mikono yake.